Maji Yakipungua, Tupime Kabla ya Kumshika Mwizi

Ziko sentensi tatu ambazo Mswahili huzitamka kwa pumzi moja, naye asitambue kwamba amesema mambo matatu yasiyofanana. Ya kwanza ni "maji yamepungua". Ya pili ni "maji yamepotea". Ya tatu ni "maji yameibwa". Mimi ni mwalimu wa isimu, na kazi yangu ni kuchunguza maneno wala si mabomba. Hata hivyo, mwezi wa Julai mwaka uliopita nilijikuta mjini Isiolo nimepiga magoti kando ya bwawa la kuogelea, rula mkononi, kwa sababu ya sentensi hizo tatu. Nawaomba wasomaji, hasa walimu wenzangu na wanafunzi wao, waniwie radhi nikiwasimulia kisa hicho kwa kirefu kidogo, maana mna funzo ndani yake ambalo darasa lolote linaweza kulitumia.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee aliyenifundisha katika shule ya msingi, ambaye sasa amestaafu. Kwa kiinua mgongo chake alijenga nyumba pembezoni mwa mji, yenye vyumba vichache vya wageni, na nyuma yake akachimba bwawa la kuogelea lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 5. Nia yake ilikuwa kuwavutia wasafiri waendao kutazama wanyama katika hifadhi za Samburu, Buffalo Springs na Shaba. Nilipomwamkia, aliitikia marahaba kwa sauti ya mtu mwenye donge rohoni. Hatukumaliza hata kikombe cha kwanza cha chai kabla hajaniambia yaliyomsibu.

"Daktari," akasema, kwa maana tangu nipate shahada hiyo huniita hivyo nusu kwa fahari na nusu kwa utani, "kikulacho ki nguoni mwako."

Kumbe kila asubuhi alikuwa akikuta maji ya bwawa yameshuka chini ya mstari wa vigae vya buluu. Kila baada ya siku chache alilazimika kununua maji ya lori ili ayapandishe tena. Nguoni mwake, kwa maelezo yake, alikuwamo kijana aliyemwajiri kulitunza bwawa, kuwasha pampu na kuokota majani. Jirani mmoja alikuwa amemnong'oneza kwamba aliwahi kumwona kijana huyo langoni magharibi, ana mitungi. Katika mji ambamo maji hununuliwa kwa mtungi, neno kama hilo halihitaji kuongezwa chumvi. Lisemwalo lipo, akasema Mwalimu. Alikuwa ameazimia kwamba siku ya Ijumaa kijana atafukuzwa bila mshahara wa mwezi ule, na huenda akafikishwa mbele ya chifu.

Nilimwuliza kwa adabu ana hakika gani kwamba maji yale yameibwa. Alinijibu kwa mtiririko wa hoja uliopangika vyema, kama alivyotufundisha kujenga hoja tulipokuwa wadogo. Huu ni msimu wa baridi, alisema. Jua halina makali. Wageni hawaogelei, kwa hiyo hakuna anayeyarusha maji nje. Lau ungekuwa mwezi wa Februari angesema kwamba jua limeyanywa. Je, mwezi wa Julai yanakwenda wapi kama si mitungini?

Hoja hiyo ilikuwa na umbo zuri. Lakini tufundishapo mantiki huwaambia wanafunzi kwamba umbo zuri haliokoi hoja ambayo msingi wake mmoja umeoza, na msingi wa kwanza wa Mwalimu ulikuwa umeoza. Kipupwe hakiyazuii maji kugeuka mvuke.

Maji hugeuka mvuke kwa mambo manne yanayosaidiana: joto la maji yenyewe, ukavu wa hewa, nguvu za upepo, na upana wa uso wa maji ulio wazi. Jua ni msaidizi mkubwa, kwa kuwa ndilo lipashalo maji joto, lakini halifanyi kazi peke yake. Mama yeyote aanikaye nguo anaijua elimu hii bila kuisoma. Nguo hukauka upesi siku ya mawingu yenye upepo mkavu, na huchelewa siku ya jua kali ikiwa hewa ni nzito na imetulia.

Isiolo nayo si Limuru. Mji huu uko kaskazini kidogo tu ya Ikweta, kwenye kimo cha takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, katika upande mkavu wa Mlima Kenya na milima ya Nyambene. Kati ya Juni na Septemba mvua huwa haba sana, ilhali upepo huvuma kwa nguvu na umekwisha kuacha unyevu wake upande wa pili wa milima. Usiku hewa hupoa, lakini maji ya bwawa hubaki na joto aliloyaachia jua la mchana. Basi maji yenye uvuguvugu hukaa chini ya hewa kavu inayokwenda mbio, nayo huendelea kutoa mvuke hadi alfajiri. Katika sehemu kama hizi za kaskazini mwa Kenya, maji yaliyo wazi yanaweza kupoteza zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka kwa njia ya uvukizi peke yake. Gawanya kwa siku 365 na utapata milimita tano na ushei kila siku, kipupwe kwa kiangazi.

Kwa hiyo Mwalimu alikosea aliposema kwamba mwezi wa Julai maji hayawezi kupungua kwa njia ya asili. Hata hivyo, nisingekuwa na haki ya kuruka upande wa pili na kudai kwamba upungufu wote ni wa mvuke. Huko nako kungekuwa kuhukumu bila kupima. Wako watu wengi ambao, kila tangi au bwawa lao likipungua, hulisingizia jua na kulala usingizi mzuri, huku ufa ukiendelea kunywa. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawezi kuziba ufa yule asiyekubali kwamba upo.

Basi nilimwomba Mwalimu anipe siku mbili kabla ya Ijumaa yake, na ndoo moja.

Kipimo cha ndoo ni rahisi hata mwanafunzi wa darasa la tano anaweza kukifanya. Unachukua ndoo, unaijaza maji ya bwawa lile lile, unaitia jiwe ili isielee, kisha unaisimamisha juu ya ngazi ya bwawa ndani ya maji, mdomo wake ukiwa juu ya uso wa maji. Unahakikisha kwamba maji ya ndani ya ndoo na maji ya bwawa yako usawa mmoja, nawe unatia alama mbili, moja ndani ya ndoo na nyingine ukutani mwa bwawa. Baada ya saa 24 unapima ni kiasi gani kila upande umeshuka. Ndoo huwekwa ndani ya bwawa kwa makusudi, ili maji yake yapate joto lile lile, upepo ule ule na ukavu ule ule wa hewa. Ndoo haina ufa wala bomba, na hakuna aichotaye. Kwa hiyo kilichopungua ndani yake ni mvuke mtupu, na kilichopungua bwawani kupita hapo kimekwenda kwa njia nyingine.

Wataalamu wa hali ya hewa wana kipimo kilicho ndugu wa hiki. Katika vituo vyao huweka karai pana la chuma, lenye kipenyo cha sentimita 120 hivi na kina cha sentimita 25, wakalijaza maji na kusoma kila asubuhi yamepungua kwa kiasi gani. Tofauti ni kwamba wao hutaka kujua tabia ya hewa, na sisi tulitaka kujua tabia ya bwawa.

Tulianza saa kumi na mbili jioni, pampu ikinguruma kama kawaida, kwani Mwalimu huiacha usiku na mchana kwa kuogopa ukoga. Kulipopambazuka ndoo ilikuwa imeshuka milimita 2 na bwawa milimita 9. Jioni yake, baada ya saa 24 kamili, ndoo ilikuwa imeshuka milimita 6 kwa jumla, na bwawa milimita 19.

Hapa hesabu ya shule ya msingi inatosha. Uso wa bwawa la mita 10 kwa 5 ni mita 50 za mraba. Kila milimita moja ya maji kwenye uso huo ni lita 50. Basi milimita 6 za mvuke ni lita 300, ambazo hazina mwizi. Milimita 13 zilizobaki ni lita 650, nazo zilikuwa zikienda mahali fulani kila siku, sawasawa na mitungi 32 na nusu ya lita 20.

Mwalimu alipoiona hesabu hiyo alitabasamu kwa uchungu. "Umeona?" akasema. "Mitungi 32!"

Nakiri kwamba hapo ndipo watu wengi wangekosea, na nusura nikosee nami. Kipimo cha ndoo hutenganisha mvuke na upotevu wa namna nyingine, lakini hakitenganishi ufa na mwizi. Vyote viwili hushusha maji ya bwawa bila kuigusa ndoo. Mtu mwenye haraka angeweza kuichukua ndoo ile ile na kuitumia kumfunga kijana.

Lakini tulikuwa tumesoma alama mara mbili, asubuhi na jioni, na hilo lilitupa ushahidi mwingine. Usiku bwawa liliishinda ndoo kwa milimita 7, na mchana kwa milimita 6. Mchotaji huchota kwa mikupuo, naye huchagua saa ya giza. Ufa hunywa usiku na mchana kwa kipimo kimoja. Fauka ya hayo, mitungi 32 haitoki langoni mikononi mwa mtu mmoja. Huhitaji punda na mkokoteni, tena kila siku, na jirani aliyeona mitungi miwili asingekosa kumwona punda.

Siku ya pili tulizima pampu, tukaisogeza ndoo hadi usawa mpya, na tukangoja tena saa 24. Ndoo ilishuka milimita 7, na bwawa milimita 8. Ile milimita moja ya tofauti naiachia rula yangu na macho ya mtu aliyepita miaka arobaini.

Maana ya tokeo hilo ni hii. Bwawa la kuogelea lina mabomba ya namna mbili. Liko bomba la kuvuta, ambalo huyatoa maji bwawani na kuyapeleka kwenye pampu na chujio, na liko bomba la kurudisha, ambalo huyasukuma maji safi bwawani. Upotevu ukizidi pampu inapofanya kazi na kukoma inapozimwa, aghalabu kasoro iko kwenye bomba la kurudisha, kwani ni shinikizo la pampu linaloyasukuma maji kupitia penye ufa. Ukizidi pampu inapolala, kasoro huenda iko kwenye bomba la kuvuta, ambalo pampu ikiamka hufyonza hewa badala ya kumwaga maji, na mapovu huonekana pale maji yanaporudi bwawani. Upotevu usipobadilika, pampu iwake isiwake, tafuta ufa katika mwili wa bwawa wenyewe: kwenye vigae, kwenye taa, au kwenye kidirisha cha kunasia takataka. Hapo unayaacha maji yashuke mpaka yasimame yenyewe, kwa kuwa mara nyingi husimama usawa wa tundu. Kisha unadondosha matone ya rangi karibu na ufa unaoushuku, maji yakiwa yametulia, nawe unatazama kama rangi itavutwa ndani.

Sisi hatukufika kwenye rangi. Tulipozunguka nyuma ya kibanda cha pampu kufuata njia ya bomba la kurudisha, tulikuta kipande cha ardhi kisichozidi hatua nne ambacho nyasi zake zilikuwa kijani kibichi, katikati ya Julai, ilhali ua mzima ulikuwa rangi ya udongo. Mbuzi wa jirani walikuwa wamekwisha kuigundua siri hiyo. Mwalimu mwenyewe alikumbuka kwamba kwa miezi kadhaa alikuwa akigombana na mwenye mbuzi hao kwa sababu hawakuacha kupenya uani na kukimbilia pahali pale pale. Fundi wa mabomba alichimba kina cha mkono mmoja tu, akakuta kiungo cha bomba kimeachana.

Mwalimu alikuwa na swali moja lililobaki, na lilikuwa swali zuri. Ikiwa bomba lilikuwa limeachana kwa miezi, kwa nini maji yalianza kupungua mwezi wa Julai?

Jibu ni kwamba hayakuanza Julai. Isiolo hupata mvua zake katika misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Disemba. Mvua ya masika ilikuwa ikiingia bwawani na kufidia kilichovuja. Wageni walipoogelea, kila upungufu ulihesabiwa kuwa ni wa kurushwa nje. Kipupwe kilipofika, mvua ikakatika, wageni wakapungua, na maji yakabaki peke yake na ufa wake. Msimu ulioudhihirisha upotevu haukuwa msimu uliousababisha. Huko Ulaya na Marekani ya Kaskazini baridi yenyewe huweza kuwa mkosaji, kwa kuwa maji yagandapo hutanuka kwa takriban asilimia 9 na kuyapasua mabomba ambayo hayakumwagwa maji yake kabla ya theluji. Sisi hatuna barafu ya kulaumu. Kipupwe chetu ni mkaguzi wa hesabu tu: kinapofika hufungua daftari, na mwenye nyumba hudhani kwamba ndicho kilichokula fedha.

Sasa niruhusuni nirudi kwenye maneno, maana huko ndiko kwangu.

Ile sentensi "maji yamepungua" ni taarifa ya macho. Mwenye rula anaweza kuithibitisha au kuikanusha papo hapo. "Maji yamepotea" tayari ni zaidi ya hiyo, kwani inadai kwamba yalipokwenda hapajulikani. Kitenzi hiki hakina mtenda. Maji hupotea yenyewe, kama mtoto apoteavyo sokoni, wala hakuna anayeulizwa. Lakini "maji yameibwa" ni jambo jingine kabisa. Kauli ya kutendwa, hata pasipotajwa jina, humwacha mtu mmoja amesimama nyuma ya pazia. Asikiaye huuliza mara moja: na nani? Swali hilo likishaulizwa sharti lipate jibu, na jibu aghalabu huwa ni yule aliye karibu, aliye maskini, asiye na wa kumtetea.

Hivi ndivyo sarufi inavyoweza kumpeleka mtu kwa chifu. Mwalimu hakuwa na nia mbaya. Alianza kwa kuona, akapita kwenye kutojua, akafika kwenye kushtaki, na njia nzima aliipita kwa kubadilisha vitenzi tu. Hakuna ushahidi wowote mpya ulioingia kati ya sentensi ya kwanza na ya tatu, isipokuwa mnong'ono wa jirani. Na mnong'ono wenyewe, tulipomwuliza kijana, ulikuwa na kasoro ya mwelekeo. Kweli alikuwa akipita langoni magharibi na mitungi miwili. Mitungi hiyo ilikuwa ikiingia: ni maji ya kunywa aliyokuwa akiyanunua kioskini, kwa sababu ya bwawani yana dawa.

Methali zetu nazo tuzitumie kwa uangalifu. "Lisemwalo lipo" si hati ya mahakama. "Dalili ya mvua ni mawingu" ni kweli, lakini mkazi yeyote wa Isiolo atakwambia ameyaona mawingu mangapi yaliyopita bila kudondosha tone. Na ile ya "kikulacho ki nguoni mwako" ilikuwa sahihi kuliko Mwalimu alivyokusudia, kwani kilichokuwa kikimla kilikuwa chini ya miguu yake, katika bomba alilolilaza mwenyewe.

Kiswahili hakikutunyima zana za kuchunguza. Tunayo maji yanayovuja, yanayopenya, yanayochuruzika, yanayotiririka, yanayodondoka, yanayokauka, yanayonywea ardhini na yanayogeuka mvuke. Kila kitenzi kinataja njia yake na kinadai ushahidi wake. Mtu asemaye "yanavuja" hana budi kuonyesha tundu. Asemaye "yanachuruzika" aonyeshe mkondo. Tukiwazoeza wanafunzi kuchagua kitenzi kwa uangalifu huo, tutakuwa tumewafundisha Kiswahili na sayansi kwa pamoja, na kidogo cha uadilifu juu yake.

Yuko msomaji atakayeuliza, na ana haki, kama inafaa kuzungumzia bwawa la kuogelea katika Isiolo. Hii ni kaunti iliyopita katika misimu mitano mfululizo ya mvua kukosekana au kuwa haba, tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, na wafugaji wake wakaona mifugo ikianguka. Swali la nani anastahili kuwa na bwawa la kuogelea katika nchi kame ni zito, nami silikwepi kwa kuliona dogo. Naona tu kwamba mwenye kuyamiliki maji mengi ana deni kubwa zaidi la kuyahesabu. Lita 650 kwa siku ni lita 19,500 kwa mwezi, zilizokuwa zikinywesha mbuzi wachache na nyasi za hatua nne.

Tena jambo hili halikomei kwenye bwawa la mtu mmoja. WASREB, shirika la serikali linalodhibiti huduma za maji nchini, limekuwa likieleza katika ripoti zake za miaka ya karibuni kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na kampuni za maji za Kenya hayaleti mapato. Ndani ya fungu hilo yamo yanayovuja mabombani, yamo yanayochukuliwa bila kibali, na yamo yanayopimwa vibaya na mita mbovu. Mambo matatu, dawa tatu. Ufa hauzibwi kwa askari, na mwizi hazuiwi kwa saruji. Anayesema tu kwamba "maji yamepotea" hajatuambia aanze na ipi.

Wazee wa nchi hii hawakuwa wageni wa hesabu hizi. Katika visima virefu vya Waborana, ambavyo sifa zake zimeenea hasa kusini mwa Ethiopia, yuko msimamizi aitwaye aba herega, ambaye kazi yake ni kuangalia zamu za kunywesha mifugo, nani anakuja lini na kwa utaratibu gani. Palipo na zamu inayojulikana, upungufu huonekana mapema, na huulizwa hadharani kabla haujageuka kuwa fitina.

Kwa hiyo natoa pendekezo kwa walimu wa shule za Isiolo na za nchi nzima. Takriban kila shule ina tangi, na takriban kila shule ina mlinzi au mpishi aliyewahi kushukiwa kwamba anauza maji. Tangi lililofunikwa ni rahisi kuliko bwawa, kwa sababu mvuke wake ni mdogo sana. Siku ya Ijumaa jioni fungeni mifereji yote, tieni alama kwenye usawa wa maji, na Jumatatu alfajiri someni tena kabla mfereji haujafunguliwa. Yakiwa yameshuka, fungeni koki ya kila tawi kwa zamu mpaka mlione tawi linalokunywa. Wanafunzi wa hisabati wahesabu lita. Wa sayansi waeleze sababu. Wa Kiswahili waandike ripoti, na mwalimu awakate alama kwa kila kitenzi kisichokuwa na ushahidi. Mtaala wetu wa sasa unasisitiza umilisi, yaani mwanafunzi aweze kutenda alichojifunza. Sijui umilisi gani unaopita huu.

Tukienda hospitali husema tunakwenda kupimwa. Hatusemi tunakwenda kukisiwa. Daktari akituandikia dawa kabla ya kutupima tutamshangaa, na tutakuwa na haki. Basi kwa nini tumpe mwajiri ruhusa ya kumwandikia mwajiriwa wake kufukuzwa kabla ya ndoo kukaa bwawani kwa siku moja?

Namalizia na habari za kijana, kwani najua wasomaji watauliza. Ijumaa ile hakufukuzwa. Mwalimu, ambaye ni mtu wa haki ijapokuwa ni mwepesi wa hasira, alimlipa mshahara wake wote na akamkabidhi ile rula pamoja na daftari la kurasa 48, aandike usawa wa maji kila asubuhi. Mbele yangu alimwambia, "Mwanangu, nilikukosea." Si wazee wengi wawezao kulitamka neno hilo.

Lakini nilipopiga simu mwishoni mwa Agosti niliambiwa kwamba kijana ameaga na kwenda kutafuta kazi mji mwingine. Hakuwa na ugomvi na Mwalimu. Ni kwamba kila alipokwenda kioskini na mitungi yake miwili, watu walikuwa bado wanaitazama. Bomba liliungwa kwa asubuhi moja na kiungo kipya cha bei ndogo. Jina la kijana halikuungika.